Kobla ya pichi kwa sigiri: mwongozo kamili kwa sisi tusio na oveni

Mjomba wangu ni mstaafu wa jeshi, Kiswahili chake cha kambini hakijapinda mpaka leo. Siku nilipomwambia Jumapili naleta kobla akaniuliza, sasa fundi viatu tunamuweka upande gani wa meza? Watoto walicheka mpaka chai ikamwagika. Kiingereza ndo kimetuletea balaa, neno moja wanalitumia kwa fundi viatu na kwa chakula. Hii yangu ni matunda yaliyopikwa na sukari mpaka yakatoa rojo zito, alafu juu yamefunikwa na madonge ya unga wa ngano yaliyookwa yakapasukapasuka na kuwa kahawia. Chini laini, juu pakavu panavunjika mdomoni.

Najua wengi mkiona resipi ya aina hii mnaifunga mapema sababu mstari wa kwanza unasema washa oveni digrii 190. Mi pia nilikuwa hivo. Oveni sina, na aliye nayo anawaza bili au umeme ukatike katikati unga ubaki mbichi. Mpaka nikaja kujua kwamba kobla yenyewe haikuanzia kwa oveni. Wamarekani wa karne ya 19, wale waliokuwa wanahama na magari ya ng'ombe, walipika ndani ya chungu cha chuma, makaa chini na makaa mengine juu ya mfuniko. John Russell Bartlett kwenye kamusi yake ya maneno ya Kimarekani, toleo la 1859, anaieleza kobla kama aina ya pai inayookwa ndani ya chungu, ya tofaa au ya pichi. Chungu na makaa. Sasa hiyo ndo nini kama sio kupalia? Bibi zetu wa pwani wanapalia wali kila siku, makaa juu ya mfuniko ili ukauke vizuri, na mkate wa sinia unaokwa hivo hivo. Kwa hiyo we mwenye sigiri usijione umepungukiwa, sigiri ndo iko karibu na mwanzo wa hiki chakula kuliko hiyo oveni ya jirani.

Haya twende.

Pichi kwanza

Kitabuni utakuta zinaitwa fyulisi, ila ukifika soko la Nakasero, Kampala, ukaulizia fyulisi utaangaliwa tu, sema pichi. Ni mti wa baridi. Lazima upate kipindi kirefu cha baridi udondoshe majani ulale kabisa, ndo uamke utoe maua, na bila huo usingizi hauzai vizuri, ndo maana huku Mukono au Jinja huoni mpichi nyuma ya nyumba kama unavoona mwembe. Milimani kama Lushoto kule Tanzania zinapatikana. Zinazotoka Afrika Kusini zinavunwa kuanzia kama Novemba mpaka Machi hivi, huo ndo wakati wa kuziangalia sokoni na supamaketi, na bei itakufanya ufikirie mara mbili, ntakuja kwenye maembe huko mwisho usijali.

Kuchagua. Usidanganywe na wekundu! Ule wekundu ni jua limelipiga tunda na aina ya mti wenyewe, hausemi kitu kuhusu kuiva. Angalia ile rangi ya chini, pale karibu na kikonyo, ikiwa ya njano imeiva au iko karibu, ikiwa na ukijani ilichumwa mapema. Alafu nusa. Pichi iliyoiva inanukia kabla hujaifikisha puani. Mara yangu ya kwanza nilinunua kumi ngumu kama mawe, muuzaji ananiapia zimeiva nyabo (yaani mama), na mi nikakubali sababu zilikuwa nyekundu zinapendeza. Nilizipika siku hiyo hiyo zikatoka kama viazi vyenye sukari.

Zikiwa ngumu dawa yake ndogo tu: ziweke ndani ya mfuko wa karatasi pamoja na bogoya (ndizi ya kula mbivu) moja lililoiva, funga, acha mezani siku mbili tatu. Ndizi inatoa gesi ya ethilini ambayo inaharakisha matunda mengine kuiva, na mfuko unaizuia isitoroke. Ila usiziweke kwa friji kabla hazijaiva, baridi inaziharibu nyama zinakuwa kama ungaunga, na hapo hata bogoya halisaidii tena.

Kuna pichi ambazo ukikata kokwa linaachia lenyewe na kuna zile kokwa limeng'ang'ania nyama mpaka ukasirike. Muulize muuzaji akukatie moja uone, akikataa na we kataa. Na zile kokwa tupa zima zima, usipasue kutafuna kile kijimbegu cha ndani hata kama kinanukia kama lozi, kina kitu ambacho tumboni kinageuka sumu ya sianidi, na watoto wanapenda sana kuvunjavunja vitu.

Vitu vya kuandaa

Hii ni ya watu sita mpaka wanane, sufuria ya upana wa sentimita 24 hivi.

Ya chini unataka pichi kama nane za wastani, yaani kilo moja na robo, sukari gramu 120 (ni zaidi kidogo ya nusu kikombe), kornfulawa vijiko viwili vya chakula, maji ya ndimu moja, dalasini nusu kijiko cha chai, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kama una ganda la vanila weka, Uganda tunalima vanila nzuri kule Mukono na Bundibugyo alafu sisi wenyewe tunanunua ile ya chupa, ajabu kweli. Pasua ganda katikati, kwangua vile vijimbegu vyeusi utie.

Ya juu: unga wa ngano gramu 200, sukari gramu 50, beking pauda vijiko viwili vya chai, soda ya kuokea robo kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi baridi gramu 90, na bongo baridi (yaani maziwa ya mgando) mililita 150. Soma pakiti ya unga kwanza, kama ni ule ambao tayari umechanganywa na beking pauda basi usiongeze nyingine.

Kwa nini bongo na sio maziwa ya kawaida? Ule uchachu wa bongo unakutana na soda, inatoka gesi, unga unafumuka, na pia unakuwa laini ndani. Ukikosa bongo chukua maziwa yaliyochemshwa yakapoa, tia kijiko kimoja cha chakula cha ndimu, subiri dakika kumi yakatike.

Siagi sasa. Majarini inafanya kazi ila iwe imekaa kwa friji, la sivyo inayeyuka mkononi. Samli ya Ankole ni tamu sana ila haina maji ndani yake, siagi ina maji kidogo na yale maji ndo yanageuka mvuke na kuinua unga, kwa hiyo ukitumia samli punguza iwe gramu 70 na ujue juu patakuwa pa kumong'onyoka zaidi kuliko kufumuka. Mi napenda, wengine hawapendi.

Kumenya

Chemsha maji. Kila pichi ichore alama ya msalaba chini kwa kisu, kidogo tu, ngozi peke yake. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka sekunde 30 mpaka dakika moja, toa, tia kwenye maji baridi hapo hapo. Ngozi inavuka kama shati. Ikikataa kuvuka basi tunda halijaiva, menya kwa kisu tu, na ongeza sukari kijiko. Kata vipande vya unene wa kidole kidogo, usikate vyembamba sana vitapotea kwenye rojo, na kila ukikata nyunyizia ndimu visiwe vyeusi.

Kupika ya chini (usiruke hii)

Resipi nyingi za oveni zinakwambia weka matunda mabichi, weka unga juu, oka. Kwa oveni sawa, kwa sigiri utalia, sababu moto wetu wa chini lazima uwe mdogo usiunguze, na moto mdogo hautachemsha kilo nzima ya matunda kwa wakati ambao unga wa juu unaiva. Matokeo yake juu pameshakuwa kahawia, chini ya unga kuna ute mweupe mbichi. Nimeila hiyo. Nimewalisha na watu.

Kwa hiyo changanya vipande na sukari na chumvi, viache nusu saa vitoe maji. Weka sufuria motoni, acha vichemke taratibu kama dakika tano. Kornfulawa koroga pembeni na maji baridi vijiko vitatu mpaka mabonge yaishe, mimina huku unakoroga, acha ichemke tena dakika moja au mbili mpaka rojo lipoteze rangi ya maziwa liwe linang'aa. Lazima lichemke, kornfulawa haishiki kwa uvuguvugu. Tia dalasini na vanila na ndimu iliyobaki. Onja! Kama sukari haitoshi ni sasa hivi, baadaye umechelewa.

Iache hapo pembeni ya moto ibaki ya moto kabisa, kwa sababu unga utaudondoshea juu ya matunda yanayofukuta ili uanze kuiva kutoka chini huku makaa yanaushughulikia kutoka juu, hiyo ndo siri yenyewe, ukisahau mengine yote kumbuka hiyo.

Unga wa juu

Chekecha unga na vile vitu vikavu vyote. Siagi ikate vipande kama punje za mahindi, uitie, ponda kwa ncha za vidole haraka haraka mpaka unga uwe kama mchanga wenye vijiwe. Vijiwe viache, vikiyeyuka motoni ndo vinaacha nafasi na unga unapasuka vizuri. Usitumie kiganja, kiganja kina joto.

Huna friji? Kuna ujanja mwingine ambao hata wenye friji wanautumia: yeyusha siagi, iache ipoe kidogo, mimina kwenye bongo baridi ukikoroga, utaona siagi inagandaganda yenyewe kuwa vipande. Hapo mimina yote kwenye unga. Bongo ukinunua kwa duka la maziwa linakuwa baridi tayari, kwa hiyo unanunua dakika za mwisho, unarudi nalo kwa boda, kazi imeisha.

Tia bongo kwa unga, koroga kwa mwiko mara kumi hivi au kumi na mbili, ukiona unga mkavu umeisha acha. Acha kabisa. Sisi wa chapati tuna mazoea ya kukanda mpaka unga utii, hapa ukikanda umeharibu, unakuwa mgumu wa kuvutika kama chapati ya jana. Unatakiwa uwe mzito wa kudondoka na kijiko, mbaya wa kuangalia.

Walioko juu kama Kabale, ambako ni kama meta 2,000, punguzeni beking pauda iwe kijiko kimoja na nusu na ongezeni bongo kidogo. Huko hewa ni nyepesi, gesi inatanuka zaidi, unga unapanda haraka alafu unaanguka. Kampala na Jinja tuko kwenye kama meta 1,100 au 1,200, mi sijawahi kuona tofauti ya maana.

Sigiri yenyewe

Tafuta sufuria kubwa nzito ambayo ile yako ya kobla inaingia ndani na nafasi ya vidole viwili pembeni. Chini mwaga mchanga mkavu uliochekechwa, sentimita mbili hivi, au panga vijiwe vitatu bapa. Mchanga ni mzuri zaidi, unasambaza moto. Juu unahitaji mfuniko wa chuma au sinia la chuma lenye ukingo makaa yasidondoke. Usitumie kipande cha bati la kuezekea, lile limepakwa zinki na likipata moto mkali linatoa moshi wa sumu. Na sigiri iwe nje au barazani, sio ndani umefunga madirisha, ule moshi usioonekana wa mkaa unaua watu usingizini.

Washa mkaa mwingi mara moja, subiri uwe mwekundu wote na majivu meupe juu. Funika sufuria kubwa ikiwa na mchanga, ipashe dakika 15 mpaka 20. Sasa gawa makaa: theluthi moja yabaki chini, theluthi mbili yaende juu. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanaweka mengi chini kama wanapika maharage. Ukiweka moto mwingi chini sukari inaungua kabla hujajua, na sukari ikiungua harufu inapanda mpaka juu, hakuna kuokoa.

Tena hayo makaa ya juu yana kazi nyingine. Matunda yanatoa mvuke, mvuke ukigusa mfuniko baridi unageuka maji yanadondoka, na unga wako unakuwa wa kuchemshwa, mweupe, unateleza. Mfuniko ukiwa wa moto sana maji hayakai, mvuke unatafuta upenyo unatoka. Ndo maana kufunika tu bila kupalia hakusaidii hata ukae masaa matatu.

Sasa dondosha unga kwa kijiko juu ya matunda ya moto, madonge ya ukubwa wa yai, acha nafasi kati yake ili rojo lipumue na lipande pembeni. Nyunyizia sukari kijiko kimoja juu ya madonge, hiyo ndo inafanya yavunjike mdomoni. Ingiza sufuria ndogo ndani ya kubwa, funika, palia.

Dakika 25 za kwanza usifungue. Najua utatamani. Kila ukifungua joto lote linaondoka na majivu yanaingia. Baada ya hapo nyanyua mfuniko sawasawa bila kuinamisha, angalia upande upi unakimbia zaidi, zungusha sufuria robo, rudisha. Kuna upepo? Weka kizuizi, upepo unachochea upande mmoja tu. Makaa ya juu yakififia ongeza mengine mekundu, usiongeze meusi.

Kwangu inachukua dakika 40 mpaka 50 jumla. Usihesabu dakika, angalia: madonge yawe kahawia kama mandazi, rojo lichemke mpaka katikati sio pembeni tu, na ukichoma donge la katikati kwa kijiti kitoke kikavu, alafu lipasue kidogo uone chini yake kama limekuwa mkate au bado ute. Bado ute? Ondoa makaa kidogo juu, rudisha dakika kumi.

Wenye oveni, nyie ni digrii 190, madonge juu ya matunda ya moto, dakika 30 mpaka 35, weka sinia chini sababu rojo litamwagika tu.

Ikitoka, iache wazi nusu saa. Wazi, usiifunike na kitambaa wala sahani. Rojo la moto ni maji maji, linashika likipoa, ukipakua mapema utasema mwongozo wangu ni wa uongo.

Ukikosa pichi, ambayo ni siku nyingi

Embe ndo linakaribia zaidi. Chukua yale yasiyo na nyuzi nyingi, yaliyoiva lakini bado yamekaza, ya Teso yakiwa msimu ni mazuri sana. Sukari shusha mpaka gramu 70, ndimu ongeza iwe mbili, au tumia maji ya pasheni tatu zilizochujwa, na kusema kweli kobla ya embe na pasheni mi naipenda kuliko ya pichi, hata kama mada ni pichi. Nanasi la Kayunga linafaa pia ila lina maji mengi, lipike kwanza, chuja, chemsha yale maji yapungue nusu ndo uyarudishe. Pichi za kopo zimeshapikwa kwenye sukari, zichuje, tumia sukari vijiko viwili tu na usizichemshe zaidi ya kupata moto. Papai sikushauri, linakuwa kama uji.

Kuna aina nyingine ya kobla, ya kumimina: unayeyusha siagi kwa chombo, unamimina uji wa unga na maziwa na sukari, matunda juu, hukorogi, uji unapanda wenyewe kuyafunika. Nzuri kwa oveni. Kwa sigiri imenishinda mara mbili, katikati inabaki mbichi, mwenye ujuzi nayo anifundishe.

Kula ikiwa vuguvugu na aiskrimu kama ipo, au yale mafuta yanayoganda juu ya maziwa yaliyochemshwa, yachote uweke juu. Ikibaki kwa friji inakaa siku tatu, ila madonge yanalainika, yapashe bila kufunika kwenye kikaango kikavu upande wa juu uangalie chini. Mjomba hapashi. Yeye anaichota baridi asubuhi na chai ya tangawizi na bado anauliza, yule fundi viatu anarudi lini.